Tramu 44 ya Bruxelles na mashamba yetu ya Kivu



Mu Bruxelles kuna tramu moja yenye namba 44. Inaanzia chini ya ardhi, pale Montgomery, inapanda juu, inafuata barabara kubwa yenye miti pande zote mbili, inaingia ndani ya msitu, na mwisho inasimama Tervuren, mji mdogo ulio nje ya mkoa wa Bruxelles. Wanafunzi wetu wanaosoma kule wanaipanda siku za mapumziko, wanapiga picha za miti na kututumia kwa WhatsApp. Ni tramu nzuri, sina neno nayo. Lakini leo nataka tuongee juu ya reli yake: iliwekwa pale juu ya nini, na namna gani hela za watu wa tramu zilifika mpaka ndani ya mashamba yetu huku Kivu.

Mtaniuliza: agronomu anatafuta nini kwenye tramu? Nilifika kule kwa njia ya ardhi. Kila mara nilipofuata historia ya konsesio fulani za zamani huku kwetu, nikirudi nyuma, nyuma kabisa, nilikuta jina la kampuni ya reli. Na nikisogea nyuma ya kampuni ile ya reli, nilikuta mtu aliyetajirika kwa tramu. Njo maana naandika.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, maana sisi huku hatuna tramu. Ni gari la reli linalopita katikati ya mji, barabara moja na motokari, busi na watu wa miguu. Reli zimelala sawa na lami, unaweza kuzikanyaga bila kujikwaa. Umeme unashuka kutoka waya wa juu, unapita ndani ya mota, unarudi kwa reli. Inabeba watu wengi kuliko busi, haitoi moshi, na haiwezi kukwepa: kama mtu ameacha motokari yake juu ya reli, tramu yote inasimama na kupiga kengele. Kinshasa, wakati ikiitwa bado Léopoldville, ilijaribu kitu cha jamaa hiyo katikati ya miaka ya 1950: girobasi 12, busi zenye gurudumu zito la chuma ndani ya tumbo. Umeme wa kwenye kituo ulizungusha gurudumu lile kwa nguvu, halafu busi ikaenda kwa nguvu ya mzunguko ule mpaka kituo kingine. Ulikuwa mtandao wa njia nne. Kufika 1959 ulikuwa umekwisha, juu vyombo vilichakaa haraka na vilikula umeme mwingi. Hiyo iko historia ya kuandikiwa peke yake.

Tramu ya kwanza ya Bruxelles ilivutwa na farasi. Ilianza tarehe 1 Mei 1869, kutoka Porte de Namur kwenda Bois de la Cambre, pale matajiri walipokuwa wanaenda kupunga hewa. Wale wanaojua Bruxelles wamekwisha kucheka, maana Porte de Namur leo ni mlango wa Matonge, mtaa wa Wakongomani, wenye jina la Matonge ya Kinshasa. Unatafuta pondu, makayabu, mtu wa kusuka nywele, unakwenda pale. Na ni pale pale, tarehe 30 Juni 2018, mji ulipofungua uwanja wenye jina la Patrice Lumumba. Kituo cha kwanza cha tramu za Bruxelles kiko, tuseme, mbele ya mlango wetu.

Farasi walikula sana, walichoka haraka, walichafua barabara. Mwaka 1894 njia ya kwanza ya umeme ya kudumu ilianza kazi, kutoka Place Stéphanie kwenda Uccle. Miaka mitatu tu baadaye umeme ukapelekwa Tervuren, na hapa lazima tusimame kidogo.

Mwaka 1897 Bruxelles ilifanya maonyesho makubwa ya kimataifa. Sehemu ya kwanza ilikuwa kwenye uwanja wa Cinquantenaire, ndani ya mji. Sehemu ya pili, ile ya koloni, Léopold II aliiweka Tervuren, kwenye shamba la kifalme. Tatizo lilikuwa umbali. Kulikuwa treni ya moshi iliyofika Tervuren, lakini mfalme alitaka njia yenye fahari. Basi ikafunguliwa barabara mpya pana, Avenue de Tervueren, kazi aliyoifanya pamoja na mjenzi mmoja wa viwanja, Edmond Parmentier. Pembeni ya barabara ile ikalazwa reli ya tramu ya umeme. Mtu wa Bruxelles aliweza kumaliza kuangalia mashini na michoro ya Cinquantenaire, akalipa tikiti, akakaa kwenye kiti, na baada ya safari fupi ya msituni akashuka mbele ya Kongo.

Ninasema mbele ya Kongo kwa sababu watu wenyewe walikuwepo. Wakongomani 267, wanaume, wanawake na watoto, walipelekwa kwa meli mpaka Antwerpen, halafu Tervuren. Mu bustani wakajengewa vijiji, karibu na maji, ili wageni wawaone wakipika, wakipiga makasia, wakicheza ngoma. Watu zaidi ya milioni moja walikwenda kuangalia. Wageni walikuwa wanawatupia vyakula, mpaka likawekwa tangazo la kuwakataza kuwapa kitu, juu walikuwa wanaugua matumbo. Mwaka ule jua la Ubelgiji lilikuwa dogo, mvua na baridi kila siku. Saba wakafa, kwa mafua makali na ugonjwa wa mapafu. Majina yao tunayajua: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Wengine wanaandika Sambo, wengine Ngemba au Nzau. Karani wa Kibeleji aliandika alivyosikia.

Sasa rudieni kwenye ile reli. Haikuwekwa juu ya wafanyakazi waliotaka kufika kazini, wala juu ya wakulima waliotaka kuuza mboga mjini. Hao walikuja kuitumia baadaye, na ni vizuri. Siku ya kwanza iliwekwa ili watu wafike haraka kuangalia watu.

Na kuangalia mali. Hapa jicho la agronomu linaamka. Ndani ya jumba la koloni kulikuwa vyumba vizima vya mazao: kahawa, kakao, tumbaku, mpira, pembe za ndovu, mbao. Wachoraji wakubwa wa wakati ule, kama Henry van de Velde na Paul Hankar, walipewa mbao za Kongo watengeneze mapambo ya vyumba vile, na mpaka leo wanaosoma historia ya Art Nouveau wanasifu ile kazi. Maonyesho yale yalikuwa soko. Mtu mwenye hela zake alipita, akaona mfuko wa kahawa, akauliza ni nani ana konsesio kule, akanunua hisa. Wakati huohuo, mu misitu ya Équateur, watu walikuwa wanachukuliwa wake zao mateka ili walete kilo za mpira. Kwenye vyumba vya Tervuren mpira ulikuwa umepangwa vizuri, na kibandiko chake.

Maneno mawili juu ya msitu wenyewe, kisha naendelea. Forêt de Soignes, ule ambao tramu 44 inapita pembeni yake, watu wanauona kama msitu wa asili. Sehemu zake ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2017. Lakini sehemu kubwa ya ile miti mirefu, aina inayoitwa hêtre, ilipandwa kwa mistari wakati Waaustria walipotawala nchi ile, karne ya 18. Miti ya umri mmoja, ya aina moja: ni shamba lililozeeka. Sisi tukipanda mikalatusi kilima kizima, wataalamu wanatukemea. Wao wakingoja miaka mia mbili, inakuwa urithi wa dunia.

Basi, tramu 44 imebaki. Juu ya nini imebaki, wakati nyingine nyingi zilifutwa? Baada ya Vita ya Pili motokari ziliongezeka, na miji mingi ya Ulaya ikang'oa reli zake. Bruxelles iling'oa pia, ikaweka busi. Mwaka 1969 ikaanza kushusha tramu chini ya ardhi katikati ya mji, na mwaka 1976 ikafungua metro. Ile ya Tervuren ilikuwa na bahati ya kuzaliwa vizuri: reli zake ziko pembeni, kwenye majani, hazigombani na motokari. Kitu kilichojengwa kwa fahari ya mfalme kiliokolewa na nafasi ile ile aliyopewa na mfalme.

Leo kwenye reli hizo zinapita tramu za namna mbili, na hapo ndipo uzuri wa Bruxelles ulipo. Za kwanza ni za kazi, za kampuni ya usafiri ya mji, STIB, iliyoundwa mwaka 1954. Ndani ya mtandao wake utakuta tramu mpya zenye sakafu ya chini, mama anaingiza gari la mtoto bila kupanda ngazi, mlemavu anaingia na kiti chake. Zile zilizoanza kufika kuanzia 2005 zina urefu wa mita karibu 32, na nyingine mita 43. Mita 43, wandugu! Pangeni hiace ngapi hapo, moja nyuma ya nyingine, na bado tramu haijaisha.

Za pili ni za urithi. Pembeni ya Avenue de Tervueren, mu Woluwe, kuna depo ya zamani ya tramu, na tangu 1982 ni makumbusho. Mna tramu ya farasi, mna za mbao, mna za miaka ya 1930. Waliozishika ni watu wa kujitolea: mmoja mstaafu wa reli, mwingine mwalimu, mwingine kijana anayependa mashini. Mwisho wa juma, wakati wa miezi ya jua, wanazitoa nje. Shofere amesimama mbele, mkono juu ya mpini wa shaba, mkata tikiti anapita kati ya viti vya mbao, na gari la umri wa babu linakwenda Tervuren kwa reli ile ile, kati ya 44 moja ya kawaida na nyingine. Abiria wanatoa simu, wanapiga picha, watoto wanataka kupiga kengele.

Hiyo inawezekana kwa sababu moja ya kiufundi ambayo naipenda: upana wa reli haujabadilika. Ni milimita 1,435 tangu zamani mpaka leo. Waya bado uko juu, umeme bado ni wa namna moja. Kama wangebadilisha upana hata kidogo, tramu zile za zamani zingebaki sanamu ndani ya depo. Kati ya namna hizi mbili kuna ile ya katikati, tramu ya mfano wa PCC, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1930 na kuanza kazi Bruxelles mwaka 1951. Mota na vyombo vya umeme vya zile za Bruxelles vilitoka ACEC, kiwanda cha Charleroi. Zile za kipande kimoja zilistaafu karibu na 2010. Mtu aliyezipanda akienda shule, leo anazipanda kama urithi. Wekeni jina hilo ACEC kichwani, tutalikuta tena.

Mimi nawaheshimu wale wa kujitolea, na nasema wazi. Kutunza mbao na shaba ya miaka mia moja, bila mshahara, si mchezo. Huku kwetu treni iliyosimama inavuliwa mabati wiki ya kwanza. Lakini ninapoona picha za abiria wanaocheka ndani ya tramu ya mbao inayoelekea Tervuren, najiuliza ni wangapi wanaojua kwamba abiria wa 1897 walicheka vilevile, kwenye njia ileile, wakiwa na tikiti ya kwenda kumuangalia Ekia na wenzake.

Sasa tutoke mjini kidogo, twende mashambani, maana tramu ya Ubelgiji haikuishia mjini. Mwaka 1884 ikaundwa kampuni ya taifa ya reli ndogo za vijijini, SNCV, zile zinazoitwa vicinaux. Zilikuwa tramu za mashambani: kwanza za moshi, baadaye za umeme nyingi. Zilipita pembeni ya barabara, zikasimama mbele ya kanisa, mbele ya soko, mbele ya kiwanda cha sukari. Wakati wa mavuno zilivuta mabehewa ya betrave za sukari. Asubuhi zilibeba wafanyakazi na maziwa, jioni zikawarudisha watu na mbolea. Mtandao ule ulifika zaidi ya kilomita 4,500, kwa nchi ambayo inaingia zaidi ya mara 70 ndani ya Kongo! Na angalieni nani alikuwa mwenye hisa: serikali, mikoa, na komini zenyewe. Komini ya wakulima iliweka hela yake, ikakaa mezani, ikasema tramu isimame wapi.

Neno vicinal likasafiri mpaka kwetu. Mwaka 1924 ikaundwa kampuni ya Vicinaux du Congo, watu wanaiita Vicicongo. Ilijenga reli kutoka Aketi, bandari ya mto Itimbiri, ikapita Buta, ikafika Isiro, na mwaka 1937 ikafika Mungbere. Upana wake milimita 600, reli nyembamba sana, treni kama za kuchezea. Jina ni lile lile la Ubelgiji: reli ya jirani, reli ya kijiji. Kazi ilikuwa tofauti. Ilikuwa ya kutoa pamba ya Uele. Na pamba ile, wanaagronomia wenzangu tuliisoma darasani kama historia ya zao, tukaandika tarehe, tukafanya mtihani. Mwaka 1917 sheria iliruhusu kumlazimisha mkulima kulima zao fulani, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1921 nchi ikagawanywa kwa maeneo, kila eneo na kampuni yake ya kununua pamba, na mkulima hakuwa na haki ya kumuuzia mwingine. Bei ilipangwa bila yeye. Pamba ikapanda treni mpaka Aketi, ikapanda meli mpaka Léopoldville, treni tena mpaka Matadi, meli tena mpaka Antwerpen.

Komini gani ya Uele ilikuwa na hisa ndani ya Vicicongo? Chifu gani alikaa mezani kusema treni isimame wapi? Njo tofauti ninayotaka muishike. Chuma ni kile kile na jina ni lile lile, lakini mkulima wa Hesbaye aliweka betrave zake ndani ya tramu akabaki na bei yake na sauti yake, mkulima wa Buta akaweka pamba akabaki na jasho. Leo tukiandika mémoire zetu juu ya barabara za kuhudumia kilimo, tunahesabu kilomita, tunahesabu tani, tunahesabu bei ya kuponda mawe. Swali la nani anakaa mezani tunaliweka ukurasa wa mwisho, chini ya neno mapendekezo. Na ile reli ya Uele, kwa miaka mingi sasa treni hazipiti tena kwa utaratibu. Sehemu kubwa majani yameifunika.

Tufike kwa yule mtu. Anaitwa Édouard Empain, alizaliwa 1852. Hakutoka familia kubwa. Alianza na reli ndogo na tramu mu Ubelgiji, akaona faida, akatoka nje. Cairo ilipopata tramu za umeme mwaka 1896, ilikuwa kazi yake. Metro ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1900, kampuni yake. Karibu na Cairo akajenga mji mzima wa Heliopolis, na tramu yake ya kuwapeleka watu. Mwaka 1904 akaweka mkono juu ya viwanda vya Charleroi vinavyoitwa ACEC. Eh, wale wa mota za tramu za Bruxelles.

Kati ya hayo yote, mwaka 1902, akaunda Compagnie des Chemins de fer du Congo supérieur aux Grands Lacs africains. Wazee wa Maniema na wa Tanganyika wanajua herufi tatu tu: CFL. Kazi yake ilikuwa kuruka maporomoko ya mto. Stanleyville mpaka Ponthierville, leo Kisangani na Ubundu, iliisha 1906. Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, iliisha 1911. Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, kilomita 273, iliisha 1915. Kwa ufundi wa wakati ule ni kazi kubwa, tukubali. Waliolaza zile reli ni watu wetu, na wengi walilala hapo.

Sasa malipo. Dola ya Léopold II haikuwa na hela taslimu nyingi, ilikuwa na kitu kingine. Ikampa CFL haki juu ya hektari milioni 4 za ardhi, pamoja na haki za madini. Milioni nne! Ubelgiji nzima ni kama hektari milioni 3 tu. Mtu wa tramu alipewa ardhi kuliko nchi yake yenyewe.

Ilitoka wapi, ardhi hiyo? Ilitoka kwenye amri ya tarehe 1 Julai 1885, iliyosema kila ardhi isiyokaliwa ni ya dola. Mtu wa biro anasoma isiyokaliwa na kuona kichaka. Mkulima anasoma kichaka kile kile na kuona shamba la babu linalopumzika miaka mitano, au kumi, ili udongo upate nguvu. Sisi tulijifunza neno zuri kabisa, jachère, tukaeleza kwa mtihani kazi yake juu ya rutuba. Mwaka 1885 jachère ilisomwa kama utupu. Uwindaji ulisomwa kama utupu, na malisho vilevile. Mu milima yetu, pale familia zinahamisha mashamba kwa mzunguko, nusu ya kijiji inaweza kuwa jachère mwaka fulani bila mtu yeyote kuwa ameiacha.

Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, CNKi, na ile CFL ikiwa mmoja wa washirika wake kwa sababu ya haki zake za ardhi. CNKi ikawagawia walowezi mashamba. Njo hapo zikaingia kahawa, majani ya chai, kinkina, pareto, kwenye udongo wa volkeno ambao ni mzuri kuliko wote, na familia zilizokuwa pale zikasukumwa pembeni au zikabaki vibarua. Hadithi iliyobaki mnaijua kwa sababu iko nyumbani kwenu. Mwaka 1973 sheria ya tarehe 20 Julai ikasema ardhi yote ni ya dola, na mwezi wa Novemba zairianisation ikachukua plantation za wageni na kuzigawia watu waliokuwa karibu na utawala. Mipaka ilibaki ileile. Konsesio ilibadilisha jina la mwenyewe, jiwe la mpaka halikusogea.

Nimefanya kazi pembeni ya plantation moja ya namna hiyo, siitaji. Wakulima wanalima kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, wanalipa kwa siku za kazi. Tulikwenda kuwafundisha kupanda miti ya kuzuia mmomonyoko. Mama mmoja akanijibu kwa heshima: «Mwanangu, mti wako unakomaa miaka ngapi? Mimi mwenye shamba ananipa miezi kumi.» Hakuna fomula ya agronomia inayojibu hiyo. Mbegu bora tulikuwa nazo, mteremko tulikuwa tumeupima. Kilichokosekana kilikuwa kimeamuliwa kabla ya yeye kuzaliwa, ndani ya mikataba ya kampuni ya reli.

Narudi Tervuren, maana kuna kitu kimebadilika kule. Lile jumba kubwa la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1910, lilifungwa mwishoni mwa 2013 kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Ndani mna ukumbi ambao ukuta wake una majina 1,508 ya Wabeleji waliokufa Kongo katika miaka ya kwanza ya ukoloni. Hawakuyafuta. Msanii wa kwetu, Freddy Tsimba wa Kinshasa, aliandika kwenye vioo vya madirisha yaliyo mbele ya ukuta ule majina ya Wakongomani waliokufa Ubelgiji, wale saba wakiwemo. Jua likiwaka, kivuli cha majina yao kinalala juu ya majina ya ukutani, kinatembea polepole kufuata saa. Siku ya mawingu hakionekani.

Wale kati yetu wanaojaza sasa hivi karatasi za bourse za Gembloux, za Louvain au za Bruxelles, mkifika shikeni 44 pale Montgomery mpaka kituo cha mwisho. Mkitaka ya mbao, ulizieni siku zake kwenye makumbusho ya Woluwe. Reli ni ileile. Makumbusho ya Tervuren mtayaona upesi, ni makubwa. Halafu ulizeni kanisa la Mtakatifu Yohane, katikati ya mji mdogo. Makaburi saba yako nje, pembeni ya ukuta, yamepangwa mstari mmoja. Pale hakuna tikiti.